Kiongozi Naye Huhitaji wa Kumsindikiza

Tumsifu Yesu Kristo.

Baba Paroko, masista wetu, wakubwa zangu na wadogo zangu, asanteni kwa kunialika. Mliniomba niseme juu ya imani, sala na uongozi kazini, na juu ya malezi yanayoyaunganisha hayo matatu. Nimekaa na mada hiyo siku nyingi, na kila nilipokamata kalamu alinijia mtu mmoja kabla ya hoja yoyote. Basi nianze naye.

Nilipewa idara nikiwa na umri wa miaka 31. Watu 14 walikuwa chini yangu, baadhi yao wakinizidi kwa miaka 20. Kanisani nilikuwa msomaji, nilikuwa mwanakwaya, mtu asiyekosa Misa ya Jumapili hata mvua inyeshe. Jumatatu saa mbili asubuhi nilikuwa mwingine. Aliyechelewesha ripoti nilimsema mbele ya wenzake. Aliyeuliza swali nisilolijua jibu lake nilimnyamazisha. Na kanisani sikuwa najifanya, naomba mnielewe hapo. Niliamini kwa moyo wote kwamba ya madhabahuni yana mahali pake na ya ofisini yana mahali pake, na kwamba mtu mzima ni yule anayejua kutoyachanganya.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, ulikwisha kuligusa donda hilo kabla sijazaliwa. Hati juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, iliyotangazwa tarehe 7 Desemba 1965, inasema katika namba 43 kwamba mtengano kati ya imani tunayoikiri na maisha yetu ya kila siku uhesabiwe miongoni mwa makosa mazito zaidi ya nyakati zetu. Maaskofu waliopitisha maneno hayo walikuwa wamepitia Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Makosa mazito waliyajua kwa macho yao. Na hili letu, la Jumapili mtakatifu na Jumatatu simba, wakaliweka humo humo.

Sasa huyo mtu. Alikuwa mama mmoja mstaafu, mhasibu wa miaka mingi, ambaye baada ya Misa ya asubuhi aliketi kwenye benchi nje ya kanisa akimalizia Rozari yake. Nilimwendea siku moja nikiwa na hasira. Nilitaka mtu wa kunisikiliza nikilalamika, basi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umetoka kupokea Komunyo na uso umeukunja hivyo?"

Nikamwaga yote. Wavivu, wakaidi, wanaonisengenya, wanaodhani nimepewa cheo kwa upendeleo. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akauliza, "Hao watu wako, unawaombea?"

Nikasema ndiyo mama, ofisi huwa naiombea.

"Ofisi sijaiuliza. Unawaombea kwa majina?"

Akatoa kalamu kwenye mkoba wake na karatasi ya matangazo ya parokia, akaigeuza upande usioandikwa, akanipa. "Waandike."

Niliandika 11 kwa haraka. Nikakwama. Mmoja nilijua jina la ukoo tu. Mwingine, anayefanya usafi, nilikuwa nikimwita "dada" tangu siku ya kwanza, na nikagundua pale kwenye benchi kwamba jina lake sikuwahi kuliuliza. Wa 14 sikumkumbuka kabisa. Nilimkumbuka kesho yake nilipoingia ofisini nikamwona ameketi pale alipokuwa akiketi siku zote, karibu na kabati la mafaili, ameinama anaandika.

Mama hakunihubiria neno. Aliikunja ile karatasi mara mbili akanirudishia. "Nenda ukaimalize. Kila asubuhi kabla hujawasha kompyuta, wasome mbele ya Mungu, mmoja mmoja, polepole. Jumamosi uje tuonane."

Nilikwenda Jumamosi ile, na Jumamosi nyingine, kwa miaka sita. Yote ninayoyajua juu ya kuongoza watu kama Mkristo yalianzia kwenye karatasi hiyo.

Lugha ya Kanisa siku hizi imelipenda sana neno kusindikiza. Tunasikia kusindikiza vijana, kusindikiza familia, kusindikiza walio pembezoni. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko aliandika mwaka 2013, katika wosia wake juu ya furaha ya Injili, kwamba sote, mapadre, watawa na walei, tujifunze sanaa hii, tuvue viatu mbele ya ardhi takatifu ya mwenzetu, kama Musa mbele ya kichaka kinachowaka. Ninalipenda neno hili la Kiswahili kuliko yote niliyoyasikia yakitumika kwa kazi ya ulezi, kwa sababu maana yake tunaijua kwa miguu. Mgeni akiaga, unamsindikiza. Unakwenda kwa mwendo wake. Pengine unamshikia mfuko, lakini mzigo ni wake, na njia ni yake. Wewe unamtoa tu. Mazungumzo mazuri kuliko yote ya siku ile hutokea hapo njiani, baada ya kuaga, wakati hakuna tena la kuficha. Halafu mnafika mahali mnasimama, mnaagana, nawe unarudi kwako. Ukimfuata hadi mlangoni pake, ukaingia na kuanza kumpangia vyombo, hujamsindikiza tena. Umemhamia.

Mtu wa kwanza katika Biblia ninayemwona akimsindikiza kiongozi kazini kwake ni Yethro, mkwe wa Musa. Someni Kutoka sura ya 18. Musa ameketi kuamua kesi za watu tangu asubuhi hadi jioni, watu wamejipanga mbele yake. Wahenga walisema ukubwa ni jaa, kila mtu huja kutupa chake hapo, na Musa amefunikwa. Yethro hakuanza kwa ushauri. Jana yake alikuwa amekaa hemani akisikiliza habari zote za safari, akafurahi, akamtolea Mungu sadaka. Siku ya pili akaangalia kazi. Ndipo akauliza: jambo gani hili unalowafanyia watu, mbona unaketi peke yako? Na alipoona ameelewa akasema waziwazi kwamba si jema, utachoka wewe na watu hawa pia.

Hapa wengi wetu tuliosomea utawala hukimbilia ile sehemu ya wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Tunasema Yethro ni baba wa ugatuzi wa madaraka. Ni kweli, lakini tumeruka mstari. Kabla ya kutaja mkuu yeyote, mstari wa 19, anamwambia Musa: wewe simama mbele za Mungu kwa ajili ya watu, umpelekee Mungu mambo yao. Hilo ndilo jukumu la kwanza katika orodha ya majukumu ya Musa. Kesi ndogo ndogo anaweza kuwagawia watu wanaomcha Mungu, wa kweli, wanaochukia rushwa. Hili abaki nalo mwenyewe. Kukasimu kazi kulikuwa njia ya kumpatia nafasi ya kusimama hapo.

Na sura inaisha kwa Yethro kuaga na kurudi katika nchi yake. Hakuomba cheo cha mshauri mkuu kambini.

Turudi kwa mama. Mwaka wangu wa tatu idarani, mfanyakazi mmoja alibainika kutia sahihi kwamba mizigo imepokelewa wakati haikupokelewa. Mara ya kwanza alionywa. Mara ya pili vikao vyote vya nidhamu vikakaa, ushahidi ukawa wazi, barua ya kumwachisha kazi ikaletwa mezani kwangu. Nilikwenda kwa mama siku isiyo yetu.

"Ushahidi upo?"

"Upo, mama."

"Amepewa nafasi ya kujitetea?"

"Amepewa."

"Basi juu ya barua sina neno. Ila usiku huu msome yeye wa kwanza. Kesho ndipo utie sahihi."

Niwaambieni ukweli, nilisali usiku ule nikitumaini Mungu atanitoa katika jambo lile. Nilitaka kupambazuke nikiwa na jibu jingine. Kulipambazuka jibu ni lile lile. Nilitia sahihi. Kilichobadilika ni kitu kimoja. Nilikuwa nimepanga barua abaki nayo afisa utumishi, ampe yeye, nami niwe safarini siku hiyo. Baada ya kulitaja jina lake mbele ya Mungu usiku kucha, sikuweza. Nilimwita, nikafunga mlango, tukakaa dakika 40. Nilimwambia alichofanya, na nilimwambia pia mema niliyoyaona kwake kwa miaka mitatu, maana yalikuwepo. Nilimuuliza atamwambia nani wa kwanza nyumbani. Alilia, nami sikujua mikono yangu niiweke wapi. Stahiki zake nilizifuatilia mimi mwenyewe mpaka akalipwa. Sijawahi kukutana naye tena, na sina habari ya kuwapa kwamba baadaye mambo yake yalimnyookea.

Nimekaa hapo kwa sababu ninasikia sana viongozi waumini wakisema "nimeliombea", wakiwa na maana kwamba mjadala umefungwa. Huko ni kumtumia Mungu kama muhuri. Mtakatifu Ignasi wa Loyola, ambaye shirika lake lilithibitishwa mwaka 1540, aliacha kanuni za kupambanua roho, kwa kuwa alijua kwa uzoefu wake mwenyewe kwamba si kila joto moyoni limetoka kwa Mungu. Kiongozi aliyesali peke yake, akajijibu peke yake, akatangaza peke yake, yuko hatarini kuliko asiyesali, kwani amejifungia mlango wa kuulizwa. Mlezi ndiye anayeufungua. Ile "ushahidi upo?" ya mama ilikuwa sehemu ya sala yangu.

Baada ya miaka sita aliniambia sasa na wewe tafuta wa kumsindikiza. Nikaanza vibaya.

Kijana wangu wa kwanza alikuwa mhandisi, mwerevu, mcha Mungu, amepewa timu yake ya kwanza. Nilimpenda kama mdogo wangu. Akinipigia simu nilipokea hata katikati ya kikao. Akiuliza nilijibu. Akieleza tatizo, kabla hajafika katikati nilikuwa nimekwisha kuliona suluhisho, nikampa. Mwaka mzima. Siku moja alinipigia kuniuliza mkutano wake na timu aufanye asubuhi au alasiri. Nikanyamaza kwenye simu. Nilikuwa nimemlea mtu ambaye hawezi kuchagua saa. Na mbaya zaidi, nilipomuuliza mara ya mwisho alipopeleka jambo la kazi kwenye sala ilikuwa lini, alisema kwa unyofu kabisa, "Kaka, siku hizi nikiwa na jambo nakupigia wewe."

Sentensi hiyo ilinikosesha usingizi. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti kisicho changu.

Ndipo nikamgundua Eli. Wengi tunaisoma 1 Samweli sura ya 3 kwa upande wa mtoto: nena, Bwana, mtumishi wako anasikia. Nawaomba msome mara moja kwa upande wa mzee. Macho yake yamefifia. Usiku mtoto anamjia mbio, "Umeniita." Mzee anasema sikukuita, karudi ukalale. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu Eli anatambua kwamba Bwana ndiye anayemwita mtoto. Tazama anachofanya. Hasemi, "Ngoja twende wote." Hasemi, "Akikuambia kitu, mwulize na hili langu." Anampa maneno machache ya kujibu, anamrudisha mahali pake, naye anabaki kitandani pake gizani. Mtoto anakwenda kuongea na Mungu, na mzee hayupo.

Na ujumbe wenyewe ulikuwa dhidi yake. Hilo tunalipita upesi mno. Neno la kwanza ambalo Samweli alilisikia kwa Mungu lilikuwa hukumu ya nyumba ya Eli, kwa kuwa wanawe walijiletea laana naye hakuwazuia. Mtoto alilala mpaka asubuhi, akafungua milango ya nyumba ya Bwana kama kawaida, akiogopa kusema. Eli akamwita, akamwapisha asimfiche hata neno moja. Aliposikia yote akasema, ndiye Bwana, na afanye aonavyo vema.

Eli alikuwa na makosa makubwa kama baba na kama kiongozi, Maandiko hayafichi. Lakini usiku ule na asubuhi ile alifanya kazi ya ulezi ambayo mimi sikuifanya kwa mwaka mzima. Anayemlea mtu asali kweli ajue kwamba siku moja huyo mtu atatoka kwenye sala na jambo ambalo mlezi halipendi. Ataacha kazi uliyomtafutia. Atakuambia kwamba namna unavyowatendea watu wako mwenyewe si ya haki. Ukiwa huwezi kulisikia hilo, bora usianze.

Yule mhandisi nilimwomba radhi. Tukakubaliana utaratibu mwingine: akija na jambo, kwanza ananieleza amelisali vipi na ameona nini, nami ninaruhusiwa kuuliza maswali tu mpaka nusu saa ya kwanza iishe. Mara mbili za mwanzo nilijiuma ulimi kwelikweli. Leo anaongoza watu wengi kuliko mimi, na ana watu wake anaowasindikiza.

Huenda mtu hapa anasema, mimi sina cheo, nitamlea nani? Au kinyume chake: mimi ni mkurugenzi, nani ataniambia kitu? Kwa hao wote ninamleta Jan Tyranowski. Alikuwa mlei wa Kraków, Polandi, aliyezaliwa mwaka 1901, aliyewahi kufanya uhasibu kisha akawa fundi cherehani. Wanazi walipoikalia Polandi, na mapadre wa parokia yake wengi wakakamatwa, yeye aliyekuwa mtu mkimya, mwenye haya, alijikuta akikusanya vijana katika makundi ya Rozari Hai, vijana 15 kila kundi, kila mmoja akisali fumbo moja la Rozari. Alikutana nao pia mmoja mmoja. Kati yao alikuwemo kijana wa karibu miaka 20 aliyefanya kazi ya kuponda mawe machimboni, jina lake Karol Wojtyła. Huyo fundi ndiye aliyemfungulia maandiko ya Mtakatifu Yohane wa Msalaba. Kijana akawa padre mwaka 1946, na mwaka 1978 akawa Papa Yohane Paulo wa Pili. Tyranowski alifariki Machi 1947, kijana wake akiwa masomoni Roma. Hakumwona hata akiwa askofu. Kanisa lilitambua fadhila zake za kishujaa, likamtangaza kuwa Mstahiki, hatua iliyo kabla ya kuitwa Mwenye Heri, Januari 2017.

Nikimfikiria huyo fundi huwa najiuliza alijua nini juu ya kuongoza Kanisa la ulimwengu. Hakujua chochote. Alijua kusali, na aliruhusu kijana amwone akisali. Wala hakuhitaji kujua taaluma ya mwenziwe. Mama yangu mhasibu hakuelewa nusu ya mambo ya kiufundi niliyomweleza.

Na kwa aliye juu, kuna Papa Eujeni wa Tatu. Kabla ya kuchaguliwa mwaka 1145 alikuwa mmonaki aliyelelewa na Mtakatifu Bernardo kule Clairvaux. Sasa mwana amekuwa Baba wa wote. Bernardo angeweza kunyamaza kwa heshima. Badala yake alimwandikia vitabu vitano, miaka kadhaa, akimwonya kwamba shughuli zisizokwisha, kesi kutoka asubuhi hadi usiku, zitaufanya moyo wake kuwa mgumu kidogo kidogo mpaka asisikie tena maumivu ya ugumu wenyewe. Kama wewe ni wa watu wote, alimwambia, basi uwe wako pia mwenyewe, kwa nini wewe peke yako ukose? Papa alihitaji kuambiwa. Meneja wa tawi asihitaji?

Kuna mipaka, nami nitaitaja waziwazi kwa sababu nimeona watu wakiumizwa na malezi yaliyoipuuza. Wa kwanza: anayeandika tathmini yako ya kazi asiwe ndiye unayemfungulia dhamiri yako. Kanisa limejifunza hili kwa karne nyingi. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 240, zinakataza kabisa kuuliza maoni ya muungamishi au ya kiongozi wa kiroho inapoamuliwa mseminari apewe Daraja Takatifu au afukuzwe. Kanuni ya 630 inawakataza wakubwa wa mashirika kuwashawishi walio chini yao, kwa namna yoyote, wawafunulie dhamiri zao. Mtu anaweza kumfungulia mkubwa wake moyo kwa hiari yake. Mkubwa hana ruhusa ya kuudai. Ikiwa nyumba za watawa, wanaoishi kwa nadhiri, zinahitaji ukuta huo, maofisini tunauhitaji mara mbili. Bosi anayejua dhambi za mfanyakazi wake siku ya kupandisha vyeo amewekwa mahali ambapo hata mtu mwema hujikwaa. Kwa hiyo mlezi wako mtafute nje ya mstari wako wa madaraka.

Wa pili: ulezi si kitubio. Mlei hakuondolei dhambi, wala hapaswi kuzichimba. Mama alikuwa akinikatisha. "Hilo la padre," alisema, na tukaendelea na mengine.

Wa tatu ni walio chini yetu ambao si wa imani yetu, au hawana yoyote. Siku ile ile ya 7 Desemba 1965 Mtaguso ulitangaza pia tamko juu ya uhuru wa dini: mtu asishurutishwe katika mambo ya imani, wala hadharani wala faraghani. Mkuu wa idara anapotangaza sala kabla ya kikao, huku ndiye anayesaini likizo za watu, aketi ajiulize kama wale wanaoinamisha vichwa wana nafasi ya kutoinamisha. Ile karatasi yangu ya majina haijawahi kuonwa na mtu yeyote ofisini. Miongoni mwa wale 14 walikuwemo Waislamu, Wakristo wa madhehebu mengine, na mmoja aliyeniambia hasadiki. Wote niliwataja kila asubuhi. Waliona tu kwamba siku hizi nawaita kwa majina, na kwamba nimeacha kufoka.

Mtaniuliza, tuanzeje? Ninachojua ni kidogo. Mnahitaji saa moja, mara moja kwa wiki mbili au kwa mwezi, isiyohamishwa kwa sababu ya kikao. Simu zizimwe. Anayelelewa aje na jambo moja halisi la kazi, lenye watu ndani yake: barua anayotaka kuandika, ajira anayotaka kutoa, ugomvi. Mada kama "uadilifu" zitawapotezea muda. Barua ya onyo yenye jina la mtu haitawapotezea. Kaeni kimya pamoja dakika tano kabla ya kulizungumza, na kimya hicho kiwe sala kweli. Mama alikuwa na tabia ya kutazama saa yake, na zile dakika zilikuwa ndefu kama mwezi wa kwanza wa kazi mpya.

Na kila jioni, huyo kiongozi ajifunze kuipitia siku yake mbele ya Mungu, kama Ignasi alivyowafundisha wenzake. Mimi hufanya ofisini, baada ya wote kuondoka, taa nimeshazima, mkoba uko magotini. Dakika kumi. Kwanza nashukuru. Kisha naomba nuru, naanza na saa mbili asubuhi, nashuka saa baada ya saa: nani aliingia, nilimjibuje, uso wake ulikuwaje alipotoka. Nikifika mahali pa aibu sikimbii, nasimama hapo, naomba msamaha. Halafu naangalia kesho na kumtafuta mtu mmoja ambaye nahitaji msaada wa Mungu ili nimkabili vizuri. Mwanzoni nilikuwa nalala usingizi. Msikate tamaa mkilala.

Mama alifariki miaka michache iliyopita. Nilipokwenda kutoa rambirambi, binti yake alinionyesha Biblia yake. Ndani ya jalada la nyuma kulikuwa na karatasi ya matangazo ya parokia, imekunjwa mara mbili, imechakaa kwenye mikunjo. Majina ya watu, kwa mwandiko wake wa kihasibu, yamepangwa safu mbili. Baadhi niliyajua, watu wa hapa kwetu parokiani, wakubwa kwa wadogo. Nilijikuta katika safu ya pili, wa saba kutoka juu.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa, na ni kweli, saa sita imefika. Chini ya viti vyenu kuna karatasi na kalamu. Tukimaliza sala ya Malaika wa Bwana, kila mtu aketi kimya aandike majina ya walio chini yake, na akikwama pa kukwama, asione haya, akaulize kesho. Sasa tusimame. Malaika wa Bwana alimpasha habari Maria.